Mwenda wa Bayeke: Gitare Moja, Vidole Viwili



Kuko mabishano yasiyoisha kati ya vijana wanaopenda muziki. Upande mmoja unasema nyimbo za rock, na zaidi zile za metal zenye gitare za umeme na ngoma za nguvu, haziwezi kupigwa juu ya piano. Eti piano ni chombo cha Bach na Beethoven, na mtu akiipigia nyimbo za namna ile anaiharibia heshima. Upande wa pili unasema wimbo ni wimbo tu, chombo ni kama gari, na gari lolote linaweza kumfikisha msafiri. Nani ana haki?

Kwa kutafuta jibu hatuna lazima ya kwenda mbali. Hapa hapa Likasi alipita mtu aliyefanya kazi ya namna hiyo kwa gitare. Alichukua muziki wa ngoma, muziki wa watu wengi, muziki wa disiki za ng'ambo, akauingiza wote ndani ya nyuzi sita, kiisha akaupiga peke yake. Jina lake ni Mwenda Jean Bosco, aliyejulikana vile vile kama Mwenda wa Bayeke. Wazee wetu wanalijua jina hilo. Lakini vijana wengi wamesikia nyimbo zake bila kujua ni nani aliyezipiga. Hiyo si haki, na ndiyo maana tunasimulia maisha yake.

KUZALIWA KWAKE

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 kule Bunkeya. Katika masomo ya historia tumejifunza kwamba Bunkeya ulikuwa mji mkuu wa Msiri, mfalme wa Bayeke, ambaye ukoo wake ulitoka Unyamwezi, katika nchi inayoitwa leo Tanzania. Wanyamwezi walikuja Katanga kutafuta shaba na pembe za tembo. Mwaka 1886 mmisionari Mprotestanti Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya, na mwaka 1891 Msiri aliuawa wakati wa safari ya kapiteni Stairs. Karibu miaka 40 kiisha mambo hayo, mtoto Mwenda alizaliwa. Jina hilo ni jina la heshima kati ya Bayeke, na Msiri mwenyewe alilibeba.

Kwa hiyo Bunkeya haikuwa kijiji kisichojua dunia. Njia za biashara zilipita pale, nyingine kutoka pwani ya mashariki, nyingine kutoka upande wa Angola. Na mahali wanapopita wafanyabiashara, nyimbo nazo zinapita. Mtoto aliyezaliwa mahali pa namna hiyo alikuwa amekwisha kurithi kitu: kusikiliza mambo ya wageni bila kusahau ya kwao.

KIJANA WA JADOTVILLE

Mji wetu wakati ule uliitwa Jadotville, kwa jina la Mbelgiji Jean Jadot. Uliitwa rasmi Likasi mwaka 1966. Ulikuwa mji wa Union Minière, ile kampuni ya madini iliyoanzishwa mwaka 1906. Kwa kutafuta wafanyakazi, kampuni ilileta watu kutoka pande nyingi: Kasai, Rwanda na Burundi, na Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia. Watu hao hawakuwa na lugha moja, basi Kiswahili kikawa lugha ya kusikilizana kazini, sokoni na nyumbani.

Si lugha tu iliyochanganyika. Katika kambi za wafanyakazi na katika cité kila mmoja alikuja na muziki wake. Siku ya mapumziko kulikuwa ngoma za kila kabila. Katika misioni kulikuwa kwaya. Mwenye gramofoni alikusanya majirani mbele ya nyumba yake, wakasikiliza disiki za Cuba zenye rumba. Sinema nazo zilionyesha makauboi wa Marekani, wapanda farasi wenye kuimba na gitare mkononi. Mwenda alisikia na kuona hayo yote. Kutoka kila upande alichukua kitu.

Hapo tunakuta jambo la kwanza la kujifunza. Gitare haikuzaliwa Katanga. Ililetwa na wageni. Mwenda angeweza kuipiga kwa namna ya wageni tu, akawa mwigaji kama waigaji wengine. Au angeweza kuikataa, na kusema si chombo cha kwao. Hakufanya hivi wala vile. Aliikamata na kuifundisha kusema Kiswahili cha Katanga.

NAMNA ALIVYOPIGA

Gitare yake ilikuwa gitare kavu, maana yake isiyo na umeme. Watu wengi wakati ule walipiga gitare kwa kuchapa nyuzi zote pamoja, juu chini, juu chini, ili kusindikiza sauti ya mwimbaji. Mwenda aliachana na njia hiyo. Mkono wake wa kuume ulitumia vidole viwili tu: gumba na kidole cha shahada. Gumba ilitembea juu ya nyuzi nene, ikapiga besi. Kidole cha shahada kilicheza juu ya nyuzi nyembamba, kikapiga sauti za juu. Vidole hivyo viwili havikutembea kama askari wa mstari mmoja. Kila kimoja kilikuwa na mwendo wake, na sauti za juu ziliingia katikati ya zile za besi, sawa na vile mpiga ngoma mmoja anavyoingia katikati ya mwenzake. Juu ya hayo yote aliimba. Mtu aliyesikiliza disiki bila kumwona aliweza kudhani kwamba wapigaji ni wawili au watatu. Kumbe ni mtu mmoja na vidole viwili!

Wimbo wake uliojulikana kuliko zote unaitwa Masanga. Kuko vile vile Bombalaka, Tambala Moja, Mama na Mwana, na nyingine nyingi. Katika Masanga, gitare haifanyi kazi ya mtumishi nyuma ya mwimbaji. Gitare yenyewe ni wimbo. Mwenda aliirekodi pamoja na maneno, na tena bila maneno, gitare tupu. Na hata akirudia kipande kile kile, hakukirudia sawasawa. Alibadilisha kidogo hapa, akaongeza kidogo pale, lakini msikilizaji hakupotea, juu mwendo wa chini ulibaki imara.

Sasa turudi kwa mabishano yetu. Orkesta ya metal ina ngoma, besi, gitare mbili pengine, na mwimbaji. Mpiga piano ana mikono miwili peke yake. Tena chombo chake kina tabia yake: nyundo ndogo ikigonga uzi, sauti inaanza kufa mara moja, lakini gitare ya umeme inaweza kulia kwa muda mrefu. Mpiga piano akitaka kuiga kelele, atashindwa, na watu watamcheka. Anapaswa kuuliza swali lingine: mifupa ya wimbo huu iko wapi? Kiisha kuiona, anaugawanya. Mkono wa kushoto unabeba besi na mapigo ya ngoma. Mkono wa kuume unabeba wimbo na sauti za kuusindikiza. Mahali gitare ya umeme ilipolia muda mrefu, yeye anarudia noti upesi upesi, au anakanyaga pedali ili sauti isife mapema. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Mwenda kwa gumba na kidole cha shahada. Hakuingiza ngoma yote ndani ya gitare, haiwezekani. Aliingiza mwendo wa ngoma.

Kwa Wazungu nako jambo hili si jipya. Franz Liszt wa Hungaria, aliyeishi tangu 1811 mpaka 1886, alipanga sinfonia zote 9 za Beethoven zipigwe na piano moja, nazo zilitungwa kwa orkesta nzima. Na mwaka 1999 orkesta ya metal ya Metallica ilipiga nyimbo zake pamoja na orkesta kubwa ya sinfonia ya San Francisco. Wala rock yenyewe si jambo la ng'ambo tu. Katika miaka ya 1970 vijana wa Kitwe na miji mingine ya shaba ya Zambia, miji ya migodi sawa na huu wetu, walipiga rock kwa namna yao, na orkesta yao iliyoitwa WITCH inajulikana mpaka leo.

SAUTI YAKE INATOKA LIKASI

Katika miaka ile alikuwako Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, aliyeishi Afrika ya Kusini. Alisafiri kwa motokari katika nchi nyingi, akiwa na mashine za kunasa sauti, juu aliogopa kwamba muziki wa Waafrika utapotea bila kuhifadhiwa. Alipofika Jadotville alimkuta Mwenda akipiga gitare yake barabarani. Alimsikiliza, akanasa nyimbo zake mwanzoni mwa miaka ya 1950, na disiki zikatoka kwa alama ya Gallotone. Mwaka 1954 Tracey alianzisha nyumba ya kuhifadhi muziki wa Afrika, na sauti ya kijana wa Bunkeya imehifadhiwa humo.

Fikirini kidogo. Watu wangapi walipita barabarani siku zile, wakasikia gitare ile, wakaendelea na safari yao! Labda wengine walisema ni kijana asiye na kazi. Mpiga gitare wakati ule hakuhesabiwa kuwa mtu wa maana. Wazazi wengi waliogopa kumwona mtoto wao na gitare, juu gitare ilipendwa sana mahali pa pombe. Tusiwalaumu wazazi wale. Lakini tukumbuke kwamba mtu aliyesimama na kusikiliza vizuri alikuwa mgeni, na sisi wenyeji tulijua thamani ya kitu chetu kiisha mgeni kukichukua.

Disiki zilikwenda mbali kuliko Mwenda mwenyewe. Zilifika Rhodesia, Uganda, Tanganyika na Kenya. Kwa sababu aliimba Kiswahili, watu wa kule walisikia maneno yake, hata kama Kiswahili cha Katanga kiliwashangaza pengine. Mwishoni mwa miaka ya 1950 yeye mwenyewe alikwenda Nairobi, akakaa kwa muda, akapiga gitare katika radio. Vijana wa Kenya walikaa karibu na radio na gramofoni, gitare mikononi, wakitafuta vidole vyake vinapita wapi. Wapiga gitare wengi wa Kenya wa miaka ile walijifunza kwa njia hiyo, bila mwalimu, masikio tu. Pamoja naye Wakatanga wengine walijulikana katika muziki huo, kama Edouard Masengo na Losta Abelo, lakini Mwenda alihesabiwa kuwa wa mbele.

MUZIKI WA BARABARANI UNAANDIKWA KWA NOTI

Mwaka 1961 na mwaka 1962 mtaalamu David Rycroft aliandika katika gazeti la African Music uchunguzi mrefu juu ya gitare ya Mwenda. Alisikiliza disiki tena na tena, kiisha akaandika noti kwa noti kile ambacho vidole viwili vilifanya. Hapo muziki uliozaliwa bila karatasi ukawa juu ya karatasi, kwa mistari mitano, sawa na muziki wa Bach. Na alipouandika, ikaonekana wazi kwamba si muziki mwepesi. Aliyesoma noti miaka mingi alipaswa kutoka jasho ili apige kitu ambacho kijana wa Jadotville alikipiga akiwa amesimama barabarani.

Mwaka 1969 Mwenda alikwenda Marekani, akapiga gitare yake katika sikukuu kubwa ya muziki ya Newport. Mwaka 1979 Mwingereza John Low, mpiga gitare, alifunga safari mpaka Shaba, ndivyo Katanga ilivyoitwa wakati ule, kwa kuwatafuta Mwenda, Masengo na Abelo, na kujifunza kwao. Habari za safari ile alizitoa katika kitabu mwaka 1982. Si mnaona? Zamani vijana wa Katanga walikwenda Ulaya kujifunza. Huyu alitoka Ulaya, akakaa chini mbele ya mzee wa Katanga kama mwanafunzi mbele ya mwalimu wake.

KAZI YAKE NA KUFA KWAKE

Mtu angedhani kwamba jina kubwa namna hiyo lilimpa Mwenda utajiri. Sivyo. Gitare peke yake haikumlisha. Alifanya kazi katika banki, na vile vile katika kampuni ya madini, ile ambayo kiisha kuchukuliwa na Serikali mwaka 1967 iliitwa mwishowe Gécamines. Kwa muda alisimamia orkesta kule Lubumbashi, na alikuwa na hoteli pa Musoshi, karibu na mpaka wa Zambia. Saa za kazi alikuwa mtu wa kazi kama baba zetu wengi. Gitare ilingoja jioni.

Jambo hili linaumiza, na tusilifunike. Disiki ziliuzwa katika nchi nyingi, nyimbo zilipigwa na watu wengi wasiolijua jina lake, na mwenye nyimbo alirudi kesho yake kwa meza ya ofisi. Lakini katika maisha yake kuko kitu cha kutia moyo vile vile. Hakuacha kazi ili ajifanye msanii mkubwa, wala hakuacha gitare ili aonekane bwana wa ofisi. Alibeba vyote viwili. Katika miaka ya 1980, hali akiwa amepita umri wa miaka 50, alikuwa angali anapiga na kurekodi.

Mwenda alikufa mwezi wa 9, mwaka 1990, kwa ajali ya motokari kule Zambia. Alikuwa na miaka 60. Leo imepita zaidi ya miaka 30, na wengi waliomwona kwa macho nao wamekwisha kulala.

TUNAJIFUNZA NINI?

Sasa tujibu lile swali. Je, inafaa kupiga nyimbo za rock na metal juu ya piano? Maisha ya Mwenda yanajibu: inafaa, lakini kwa masharti.

Sharti la kwanza ni kusikiliza. Mwenda alisikia ngoma, rumba na nyimbo za makauboi kabla ya kutoa kitu chake. Anayetaka kuhamisha wimbo kutoka chombo kimoja mpaka kingine, aujue kwanza mahali ulipozaliwa. Asiyeipenda rock hataipiga vizuri juu ya piano, na asiyeiheshimu piano vilevile.

Sharti la pili ni mazoezi. Vidole viwili vya Mwenda vilishinda vidole kumi vya mvivu. Kugonga piano kwa nguvu si kupiga metal, ni kuvunja piano. Anza polepole, mkono mmoja mmoja, kiisha unganisha.

Sharti la tatu ni kutoona haya. Wako wanafunzi wanaopiga muziki wa noti darasani kwa kiburi, kiisha wanauficha muziki wa cité kama kitu kichafu. Wengine wanafanya kinyume, wanacheka kila kitu cha noti. Wote wawili wanapoteza. Hata katika nyimbo za kanisa tunaona mfano. Mwaka 1601 Mdachi Hans Leo Hassler alitoa wimbo wa mapenzi, wa kijana anayesumbuliwa moyo juu ya msichana. Tuni yake ikaingia kanisani na maneno ya mateso ya Bwana Yesu, na Bach akaitumia katika muziki wake mkubwa wa Mateso kwa Matayo. Leo nani anayesikiliza tuni ile akamkumbuka yule msichana? Tuni ilihama nyumba, ikapewa kazi mpya, ikaifanya vizuri.

Basi ndugu, mwenye piano apige, mwenye gitare apige. Na wewe uliye na babu au bibi anayekumbuka nyimbo za Jadotville, nenda ukae karibu naye na daftari mkononi. Andika majina ya nyimbo, andika maneno, na kama unajua noti, andika noti. Mara ya kwanza mgeni alitutangulia barabarani mwetu. Mara ya pili tusingoje mwingine aje kutuonyesha kilicho chetu.